Jani Tusilolijua

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini yako majira ambayo sisi wa Nyamwaga hatunayo. Tangu Septemba hata Novemba baridi huingia kidogo kidogo, na majani ya miti mingi hugeuka kuwa ya manjano, mekundu na ya hudhurungi, kisha hupukutika. Washonaji wa huko hukusanya vipande vya nguo vya rangi hizo, wakashona sura ya jani katika mraba, na miraba mingi ikiungwa huwa blanketi la viraka. Wengine hufasiri jina la majira hayo kuwa vuli. Kwangu mimi jina hilo halifai kabisa. Vuli yetu ni mvua ya Oktoba hata Desemba, na wakati huo majani huchipuka!

Lakini kazi yenyewe ni njema, wanafunzi, na yafaa tuifanye. Baridi ya usiku katika nyanda za juu za Tarime mwaijua wenyewe, na vipande vya vitenge hufagiwa na kutupwa chini ya cherehani za mafundi. Atakayecheka kwamba kiraka ni alama ya umaskini, na akumbuke kanga. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Na hata leo watu wa Mombasa huiita kanga leso. Tena wako wanawake weusi wa Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wazao wa watumwa, walioshona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa ili kuikinga baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Houston, watu wakaenda kuyatazama kama watazamavyo picha za wachoraji wakuu.

Sasa tazameni jani lishonwavyo. Mraba mkubwa una miraba midogo 9. Mitatu ni ya rangi ya jani, mmoja ni mtupu, mmoja una ukanda wa kikonyo, na minne iliyobaki kila mmoja umeungwa kwa pembetatu mbili, nazo ndizo ncha za jani. Ukitaka mraba mdogo uwe wa inchi 3, ukate inchi 3 na nusu, maana robo inchi huliwa na mshono kila upande. Ule wa pembetatu uunge kwanza, ndipo uupunguze kufikia kipimo hicho. Asiyepima ataona pembe zake hazikutani, wala kuvuta nguo hakutamponya. (Wavulana, msitazame dirishani; mafundi wengi wa masoko yetu ni wanaume.)

Basi jani hilo la kigeni tulishone mara moja, kwa ajili ya hesabu yake. Baada ya hapo naona si vema kuendelea nalo. Mtoto aigaye jani la mti asiouona hawezi kujua kama amekosea. Hushona kama kasuku asemavyo. Ashonaye kitu cha shamba lake hutoka nje akakitazama, akarudi akafumua. Na rangi zile zile tunazo wakati wa mavuno: hudhurungi ya ulezi uliokomaa, manjano ya mahindi, wekundu wa buni mbivu. Jani la muhogo ni gumu kwa anayeanza, kwa kuwa vidole vyake havitaki miraba. Na aanze kwa hindi: safu ya katikati miraba 3 ya manjano, na kando zote mbili pembetatu za rangi ya majani makavu.

Miraba mikubwa 48 ya inchi 9, ikipangwa 6 kwa 8, hufanya blanketi la inchi 54 kwa 72, nalo lamtosha mtu mmoja. Kila mwanafunzi ashone mmoja. Vipande viombeni kwa fundi jioni, kabla hajafagia.