Nani Alikuwa wa Kwanza? Usiniambie Haidhuru

Waandishi wenzangu, leo nina ugomvi na nyie. Ila kabla sijamshika mtu shati, naanza na mimi mwenyewe.

Nina mswada wa riwaya, kaunta buku tatu zimejaa. Sura ya kwanza inaanza Soweto, tarehe 16 Juni 1976. Hector Pieterson anapanda juu ya jiwe, ngumi hewani, anawahutubia maelfu ya wanafunzi, halafu risasi ya kwanza ya siku ile inamwangusha na anakata roho palepale. Niliisoma kijiweni kwetu hapa Morogoro. Washikaji walitulia tuli, mmoja akajifanya ameingiwa na vumbi machoni. Basi nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyekwisha kuchapishwa.

Kumbe nilikuwa nimeandika uongo, karibu kila mstari.

Hector hakuhutubia mtu yeyote. Alikuwa mtoto wa miaka 12, wengine wanaandika 13. Maandamano yalikuwa ya kaka na dada zake wa sekondari, akina Tsietsi Mashinini wa Morris Isaacson, waliokataa amri ya serikali ya kufundishwa hisabati na maarifa ya jamii kwa Kikaburu. Dada yake Hector, Antoinette, aliyekuwa na miaka 17, amesimulia mara nyingi jinsi alivyomwona mdogo wake ng'ambo ya barabara, akamwita, akamwambia akae karibu naye. Zikaja risasi, watu wakakimbia ovyo, akampotea. Alipomwona tena, kijana asiyemjua alikuwa amembeba mtu mikononi. Antoinette alivitambua viatu kwanza.

Viatu, jamani! Mimi na jiwe langu na ngumi yangu hewani, wakati kitu chenyewe kilikuwa viatu.

Sasa tuje kwa hilo neno “wa kwanza”, maana ndilo linaloshika kila mtu. Kila Juni ikifika, Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1991 kwa ajili ya watoto hawa hawa wa Soweto, nasikia mashairi na ngonjera kibao: Hector wa kwanza, Hector wa kwanza. Hebu niulize, Hastings Ndlovu mmemweka wapi? Alikuwa na miaka 15. Ushahidi mwingi uliokusanywa baadaye unasema yeye ndiye aliyepigwa risasi mapema zaidi, mahali pengine, kabla ya Hector. Alikufa hospitali. Hector alitiwa kwenye gari la waandishi wa habari, Volkswagen ndogo, akapelekwa kliniki ya Phefeni, na alipofika alikuwa amekwisha kufa. Kwa hiyo kuna wa kwanza kupigwa na kuna wa kwanza kuthibitishwa amekufa, na huenda si mtu mmoja. Ugomvi mwingine wa watu ni neno tu ambalo hakuna aliyejipa taabu kuliangalia vizuri. Na sisi ndio watu wa maneno, eti.

Kwa nini basi dunia inamjua Hector tu? Kwa sababu Sam Nzima wa gazeti la The World alikuwa pale na kamera, na hakuna kamera iliyokuwepo alipoanguka Hastings. Ndiyo sababu nzima. Nzima alikitoa kile kipande cha filamu akakificha kwenye soksi, maana polisi walikuwa wanawanyang'anya wapiga picha filamu zao. Picha ikatoka gazetini, ikazunguka dunia. Yeye mwenyewe akaandamwa na polisi mpaka akaacha kazi ya uandishi na kukimbilia kijijini. Gazeti likapigwa marufuku Oktoba 1977. Simlaumu Nzima hata kidogo, nampa heshima zake zote. Nawalaumu wanaoitazama picha ile wakadhani pale ilipoishia kamera ndipo palipoishia waliokufa.

Nilipoyaleta haya kijiweni, jamaa mmoja ninayemheshimu kwa kalamu yake aliniambia, “Wewe bwana, fasihi si hesabu. Mtoto ni nembo. Awe na 12, awe na 13, awe wa kwanza, awe wa kumi, haidhuru, Makaburu si waliua?” Na mhariri mmoja, jina lake nalihifadhi, alinirudishia sura ya kwanza niliyoiandika upya, ameandika pembeni nisiwachoshe wasomaji kwa tarehe, nimrudishe yule wa juu ya jiwe.

Nawajibu wote wawili hapa.

Polisi wa Makaburu nao walikuwa na hadithi yao. Walisema hawakumlenga mtoto yule. Eti risasi iligonga ardhi kwanza, ikadunda, ikampata kwa bahati mbaya. Hadithi tamu hiyo, fupi, inaingia akilini haraka, na wazungu kibao walikuwa tayari kuimeza. Kilichoivunja si ngonjera. Ni uchunguzi wa maiti, ulioonyesha kwamba risasi ilimwingia moja kwa moja, haikudunda popote. Sasa mwenzangu, kama “haidhuru” yako ni halali, na ya polisi ni halali. Huwezi kuudaka uongo wa askari huku mfukoni una wa kwako, hata kama wa kwako umevaa nguo za ushujaa.

Halafu angalieni hesabu. Siku ile ya kwanza serikali ilitangaza waliokufa 23. Vitabu vingi vinarudia 176. Tume ya Jaji Cillié, tume ya serikali yenyewe, ilihesabu 575 kwa miezi iliyofuata nchi nzima, na wako wanaosema 700. Ukiona namba inacheza namna hii ujue kuna watoto waliozikwa bila kuandikwa na mtu. Kila anayesema namba si kazi yake anawazika mara ya pili. Samahani kwa ukali, lakini ndivyo ninavyoona.

Tena kinachoniudhi zaidi ni kwamba ukweli wenyewe ni riwaya nzuri kuliko tunazobuni. Chukua jina tu. Utakuta Pieterson, utakuta Peterson, utakuta Petersen, na vijana wanabishana tahajia. Lakini ukoo ule asili yao ni Pitso. Walijiita Pieterson ili wapite kama machotara, kwa sababu chini ya sheria za ubaguzi chotara alipata nafuu kidogo ambayo Mwafrika mweusi hakuipata. Fikiria nyumba nzima inakaa chini na kubadili jina la babu ili watoto wapate kaupenyo, na bado risasi inamkuta mtoto barabarani pamoja na wengine. Ubaguzi wa rangi wote umo ndani ya jina lile, na mimi nilikuwa nimelipita mbio kuwahi jiwe langu!

Hapa Morogoro hatuna kisingizio. Vijana waliotoroka nchi yao baada ya 1976 walikuja kusoma Mazimbu, kwenye shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Aprili 1979. Bibi yangu aliwauzia ndizi. Nilipomuuliza walikuwaje, hakuniambia habari za ngumi. Alisema wengine walikuwa wadogo sana, na walikuwa wanashtuka mlango ukijibamiza.

Nimeiandika upya sura ya kwanza mara nne sasa. Hastings yumo. Jina la Pitso limo. Viatu vimo. Aliyenishinda ni yule kijana aliyembeba Hector, Mbuyisa Makhubu, wa miaka 18. Baada ya picha ile polisi walimwandama, akatoroka nchi. Mama yake alisema alipata barua moja kutoka Nigeria mwaka 1978, na baada ya hapo kimya. Mama amekufa bila kujua mwanawe yuko wapi. Baadaye akajitokeza mtu Kanada akidhaniwa ndiye, na jambo lenyewe halikuthibitika mpaka leo. Mswada wangu wa zamani ulikuwa umemrudisha nyumbani mwaka 1994, siku ya kupiga kura, mama amesimama mlangoni amefungua mikono. Kurasa kumi na moja, na nazipenda kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nimezichana juzi. Mhariri akizitaka tena, hazipo.