Picha ya leo isizeeshwe kwa siri

Picha iliyopigwa Kasomeno asubuhi inaweza kuonekana jioni kana kwamba ni ya mwaka 1950. Programu ya simu inaipaka rangi ya kahawia, inaongeza chembechembe, mikwaruzo na kingo zilizofifia, basi. Kwa picha ya harusi, au ya mtoto aliyevaa koti la babu yake, hakuna ubaya. Ni pambo tu.

Tatizo linaanza pale picha ya mgodi, ya jengo au ya wafanyakazi inapozeeshwa kisha ikatumwa bila maelezo. Ikipitia WhatsApp kama picha ya kawaida, tarehe iliyohifadhiwa ndani ya faili huondolewa. Ikishatumwa mara kumi, nani atajua kwamba si ya enzi za Union Minière? Lubumbashi ni mji uliojengwa kwa jasho la watu ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote. Kwa jamaa zao, picha ndiyo ushahidi. Za bandia zikijaa, hata ya kweli itatiliwa shaka.

Mji huohuo umetoa mfano wa kuchezea picha bila kumdanganya mtu. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za kumbukumbu za wafanyakazi wa wakati wa Wabelgiji akazipachika kwa kompyuta juu ya picha zake mwenyewe za mitambo ya Gécamines iliyochakaa. Mfululizo huo wa mwaka 2006 unaitwa Mémoire. Watu wa kale wamebaki bila rangi, magofu yana rangi zake, na mahali zilipounganishwa panaonekana wazi. Ndiyo maana zinauma.

Ajabu ni kwamba ile rangi ya kahawia haikuwa alama ya uchakavu. Wapiga picha wa zamani waliigeuza fedha iliyo kwenye karatasi kuwa sulfidi ya fedha ili picha idumu zaidi.

Studio zinazouza huduma hii zimpe mteja faili zote mbili, ya asili na iliyozeeshwa, na mwaka halisi uandikwe pembeni. Na wastaafu wa migodini wanapoleta picha zao kunakiliwa, fundi asikimbilie kufuta mikwaruzo. Anakili kwanza kila kitu, pamoja na upande wa nyuma, kwenye mhuri wa studio na jina lililoandikwa kwa kalamu.