Roboti Haiingii WhatsApp

Kila Julai 7 simu yangu hujaa mabango. Tangu UNESCO itangaze Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, kila taasisi ina lake: Kiswahili kitukuzwe, picha ya twiga, nembo pembeni. Na chini ya bango hakosi msee wa kulalamika, eti Google inabagua Kiswahili, ukitafuta kitu cha maana kwa lugha yetu unaletewa takataka. Takataka nakubali. Hilo la kubaguliwa ndilo nataka tugombanie.

Ukiandika neno ukabofya tafuta, injini haiendi kuzunguka intaneti saa hiyo. Inafungua faharasa, yaani daftari kubwa iliyoliandaa mapema: neno hili limo kwenye kurasa hizi. Daftari hilo linajazwa na roboti inayotembea. Inafungua ukurasa, inasoma maandishi, inaokota linki zilizomo, inazifuata, inafungua kurasa nyingine. Mwenye tovuti anaweza pia kuipelekea orodha ya kurasa zake, lakini njia yake kuu ni linki. Ukurasa ambao hakuna aliyeuwekea linki ni kama ploti isiyo na barabara. Hati unayo, sawa, lakini hata boda hafiki.

Sasa angalia tunaandikia wapi. Hadithi tamu kabisa tunazituma kwenye kikundi cha WhatsApp, ambako roboti haina mlango. Shairi tunalipiga picha ya skrini. Tangazo la ofisi ya umma linachapwa kwenye kompyuta, linatolewa karatasi, linagongwa muhuri, linaskaniwa likiwa limepinda, kisha linapandishwa mtandaoni kama picha. Mashine inaweza kujaribu kukisia herufi zilizo kwenye picha, lakini kwa nini uitume kubahatisha maandishi uliyokuwa nayo safi dakika tano kabla ya muhuri?

Sisemi mashine haina lawama. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi Stanford, walieleza mfumo wao wa PageRank: linki ni kura, na kura ya ukurasa wenye kura nyingi ina uzito zaidi. Siku hizi vigezo ni vingi, lakini linki bado zinahesabika. Aliye nacho huongezewa, na Kiingereza kilikuwa nacho tangu mwanzo. Halafu kuna sarufi. Mbinu maarufu ya Martin Porter ya mwaka 1980 hukata mikia ya maneno ya Kiingereza ili maumbo ya neno moja yahesabiwe pamoja. Kiswahili nacho hujibadilisha kichwani: anasoma, hatukusoma, waliosomeshwa. Ukikata mkia peke yake, mzigo wote umeuacha mbele. Mashine inayojua hivyo lazima ifundishwe kwa maandishi mengi ya Kiswahili, na hayo ndiyo tumeyafungia kwenye vikundi.

Tena tusisingizie ujinga. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kodi yangu inalipwa na Kiingereza cha mtandaoni. Nimeandika makala kumi na moja kuhusu kusafisha mifereji ya paa za Ohio, mahali sijawahi kukanyaga. Mteja ananiambia neno gani lirudiwe, kichwa kikae vipi, linki ziwe ngapi. Nairobi hii imejaa vijana wanaojua roboti inasoma nini na inaruka nini, na ujuzi huo tunauuza kwa senti chache kila neno. Jioni, msee huyohuyo akiandika cha moyoni, kwa Kiswahili, anakiweka status kipotee baada ya saa 24. Paa za Ohio zitasomwa miaka kumi ijayo. Hadithi ya nyanyake haifiki kesho kutwa.

Wenye majarida ndio wananikera zaidi, kwa sababu wao wana tovuti. Mhakiki atamsifu mwandishi wa Kiswahili aya tano nzima bila linki hata moja ya kukupeleka kwenye kazi yenyewe. Mombasa wanaandika, Dar wanaandika, Lubumbashi wanaandika, na kurasa zao hazijuani. Kuweka linki ni kazi ya sekunde kumi na haina malipo. Nilipomwambia mhariri mmoja hivyo, akajibu kwamba linki itampelekea mshindani wasomaji.

Mshindani gani, bana? Nimewatafuta nyote wawili. Hamuonekani.