Kikokotoo cha moyo kimewaacha nje wanawake wenye kipandauso

Agosti 2025 vyama vikuu vya madaktari wa moyo vya Marekani vilitoa mwongozo mpya wa shinikizo la damu. Ndani yake madaktari wanaelekezwa kutumia kikokotoo cha hatari ya magonjwa ya moyo kiitwacho PREVENT kuamua ni nani, kati ya wenye presha iliyopanda kidogo, aanzishiwe dawa mapema. Kikokotoo hicho kilizinduliwa Novemba 2023 kwa sifa nyingi, na baadhi kinazistahili: kimeacha kutumia rangi ya mtu, kimeingiza hali ya figo. Lakini hakiulizi neno lolote kuhusu kipandauso. Lilikuwa kosa mwaka 2023, na kulifanya kuwa msingi wa mwongozo wa matibabu ni kulikomaza.

Si kila kipandauso kinachohusika hapa. Kinachotisha ni kile kinachotanguliwa na dalili: mwanga unaometameta, mistari yenye meno kama ya msumeno mbele ya macho, ganzi inayopanda mkononi hadi shavuni, maneno yanayogoma kutoka. Hali hiyo hudumu dakika 5 hadi 60, kisha kichwa kinapasuka. Mwaka 2006 mtafiti Tobias Kurth na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 27,840 wa Marekani wenye miaka 45 na zaidi. Waliokuwa na kipandauso cha dalili hizo walipata kiharusi na mshtuko wa moyo kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wasio na kipandauso. Wenye kipandauso kisicho na dalili hizo hawakuonyesha ongezeko. Miaka 10 baadaye, katika kundi la wauguzi zaidi ya 115,000 walioanza kufuatiliwa wakiwa na miaka 25 hadi 42, kipandauso kwa ujumla kiliongeza hatari hiyo kwa nusu. Denmark nayo ikaleta ushahidi wake mwaka 2018.

Watetezi wa kikokotoo husema hatari kwa mtu mmoja mmoja ni ndogo. Ni kweli: katika uchambuzi wa mwaka 2020, wenye dalili hizo walipata matukio 3.36 kwa kila wanawake 1,000 kwa mwaka, wengine 2.11. Husema pia kwamba hakuna anayejua kwa hakika namna kipandauso kinavyoidhuru mishipa, na kwamba swali hili likiongezwa, usahihi wa hesabu nzima hausogei sana. Haya.

Lakini hesabu nzima ya nani? Ukiwachanganya watu wa miaka 30 hadi 79, umri humeza kila kitu. Mchukue mwanamke wa miaka 34. Presha yake 118, hana kisukari, havuti sigara, figo nzima. Kila kisanduku anachojaza kinajibu vizuri, kwa hiyo jibu limeshajulikana kabla hajaketi. Mweke pembeni yake mwenzake wa umri huohuo mwenye vipimo vilevile, ila yeye kila mwezi huona mwanga ukimeta kabla ya kichwa kuanza. Wote wawili watapewa namba ileile. Na hiki ndicho kikokotoo kinachojisifu kwamba kwa watu wa miaka 30 hadi 59 kinatazama miaka 30 mbele! Kinaahidi kumwona mwanamke huyu hadi afike miaka 64, kisha kinakataa kumuuliza jambo linalomtofautisha na jirani yake leo. Kinataka kujua lehemu yake nzuri, kipimo kinachohitaji sindano na maabara. Katika uchambuzi uleule wa 2020, kiwango cha matukio kwa wenye dalili hizo kilikuwa juu kuliko cha wanawake wenye upungufu wa lehemu hiyo. Dalili za kipandauso hazihitaji maabara. Zinahitaji mdomo wa kuuliza.

Hoja inayonimaliza uvumilivu ni kwamba kipandauso hakiandikwi vizuri kwenye mafaili. Hakiandikwi kwa sababu hakiulizwi! Uingereza imekuwa na kisanduku cha kipandauso ndani ya kikokotoo chake cha hatari ya moyo, QRISK3, tangu 2017, na hesabu yake ilitokana na mafaili ya madaktari wa kawaida wa mitaani. Mwaka 2021 madaktari wa moyo wa Ulaya nao waliandika kwamba kipandauso cha dalili kizingatiwe mtu anapopimwa hatari ya moyo. Kwa hiyo inawezekana. Ugonjwa huu huwapata wanawake karibu mara tatu zaidi ya wanaume, na wanawake wamechoka kuambiwa ni kichwa tu, meza Panadol ulale.

Kwetu mambo si bora. Chati za Shirika la Afya Duniani za kupima hatari ya moyo, za mwaka 2019, zilizotengenezwa kwa kanda 21, yetu ya Afrika Mashariki ikiwemo, zinaanzia miaka 40 na hazigusi kipandauso. Shirika hilohilo, katika vigezo vyake vya uzazi wa mpango, linasema mwanamke mwenye kipandauso cha dalili asitumie kabisa vidonge vyenye estrojeni, awe na umri wowote, kwa sababu ya kiharusi. Idara moja imeliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kupiga marufuku kidonge. Nyingine haikulipa hata kisanduku.

Vidonge hivyo vinanunuliwa leo kwenye maduka ya dawa ya mitaani kwetu. Muuzaji na muuguzi wa kliniki waagizwe kuuliza kabla ya kutoa pakiti: kichwa kikitaka kuanza, huwa unaona mwanga unaometameta au unapata ganzi? Akijibu ndiyo, apewe kijiti, kitanzi au vidonge visivyo na estrojeni, presha yake ipimwe papo hapo, na jibu lake liandikwe kwenye kadi.