Kahawa ya Mapera na mizani isiyosemezana

KAHAWA ya mkulima wa Mapera, wilayani Mbinga, hupita katika mizani kadhaa kabla ya kufika mnadani: ya chama cha msingi, ya ghala na ya kiwanda cha kukoboa.

Tangu mwaka 2018, Serikali ilipoagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, chama ndicho kinachobeba jina la mkulima. Lakini ikishachanganywa na kukobolewa, jina hilo hubaki kwenye stakabadhi tu. Kwa kawaida kilo 100 za kahawa kavu isiyokobolewa hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi. Zikitoka 74, aulizwe nani? Ni unyevu, mashine iliyorekebishwa vibaya, au mkono wa mtu ghalani? Bila takwimu za hatua zote kuwekwa pamoja, swali hilo halijibiki, na anayelipa ni mkulima.

Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha mfumo wa MUVU wa kusimamia vyama kwa kompyuta. Ni hatua njema, ila hesabu za chama ni kitu kimoja na takwimu za mtambo ni kingine. Mpango wa maana ungeanzia kiwandani: mizani na vipima unyevu viingize namba zenyewe, bila karani kunakili, na mkulima azisome hata kwa simu ya kawaida.

Sheria ya Umoja wa Ulaya dhidi ya ukataji misitu, iliyopitishwa mwaka 2023 na utekelezaji wake kuahirishwa mara mbili, inataka kahawa ijulikane shamba ilikotoka. Kwa mashamba madogo ya milima ya Umatengo, kazi hiyo haifanyiki kwa daftari.