KIINGEREZA CHA WODI NI CHOMBO CHA KAZI



Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko. Haikupita muda mrefu, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bwana Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliofaulu. Watu wengi walicheka. Sisi hatukucheka, na twataka kueleza kwa nini.

Muuguzi wa Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, na kila siku huandika faili ya mgonjwa kwa Kiingereza. Huyo si mtu asiyejua lugha. Lakini Baraza la Wauguzi la Uingereza lataka, katika mtihani uitwao IELTS, alama 7 za kusoma, kusikiliza na kusema, na 6.5 za kuandika. Mtihani huo humtaka mtu atunge insha na kueleza michoro ya hesabu. Haumwulizi habari za kidonda. Uko mwingine unaokubaliwa, OET, uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya, na huo humtaka muuguzi aandike barua juu ya mgonjwa. Yote miwili yataka mazoezi. Mtu aliyetoka zamu ya usiku atafanya mazoezi saa ngapi?

Hata hivyo jambo letu kubwa si la wanaosafiri. Ni la sisi tunaobaki. Katika wodi za Voi, Wesu na Taveta mgonjwa hueleza shida yake kwa Kidawida, Kisagala, Kitaveta, Kikamba au Kiswahili. Muuguzi husikia kwa lugha hiyo, huandika kwa Kiingereza, kisha humweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Hapo katikati ndipo penye hatari.

Tazameni saa. Saa mbili ya usiku kwa Kiswahili ni "8 p.m." kwa Kiingereza. Mama aliyeambiwa saa mbili, kisha akasoma nane kwenye karatasi, atampa mtoto dawa saa ngapi? Tazameni wakati wa kitendo. "Anatapika tangu juzi" ni "has been vomiting for two days". "Alitapika juzi" ni "vomited two days ago". Yule wa kwanza huenda amekaukiwa maji mwilini, na yule wa pili huenda amekwisha pona. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini kitandani ni kubwa.

Tena Kiswahili hakitengi mume na mke tusemapo "yeye". Mtu aliyechoka huandika "he" mahali pa "she", na daktari wa Mombasa apokeaye barua ya rufaa hushuku kama ni ya mgonjwa aliye mbele yake. Neno "discharge" laweza kuwa ruhusa ya kwenda nyumbani, laweza pia kuwa usaha utokao kidondani. Na katika simu, "fifteen" na "fifty" zasikika kama pacha, hali kumi na tano na hamsini hazifanani hata kidogo. Afadhali kutaja tarakimu moja moja, "one five", na mwenzako airudie kabla dawa haijavutwa kwenye sindano.

Kwa hiyo Kiingereza cha wodi si pambo. Ni chombo cha kazi, kama mashine ya kupimia presha. Muuguzi haambiwi akanunue mashine hiyo kwa mshahara wake. Mbona lugha ya kazi aambiwe ajifunze kwa fedha yake, katika siku yake ya mapumziko?

Wapo watakaosema: mkiwafundisha watakwenda ng'ambo. Twajibu kwamba mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma karibu miezi 5 kwa ajili ya mapatano ya malipo yao, wala si kwa ajili ya kujua Kiingereza. Mtu huzuiwa kwa mshahara mzuri na kazi ya kudumu. Kumnyima elimu si njia ya kumweka.

Wengine watasema tuandike kila kitu kwa Kiswahili, kwani Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Twakubali kwa yale anayosoma mgonjwa. Lakini vitabu vya dawa na maandishi ya chupa bado ni Kiingereza, nasi hatuwezi kungoja.

Basi twataka haya:

1. Saa moja kila wiki, ndani ya zamu, ya kujifunza Kiingereza cha wodi kwa mifano ya kazi yetu wenyewe, majina ya wagonjwa yakiwa yamefichwa.

2. Orodha ya maneno ya ugonjwa kwa Kidawida, Kiswahili na Kiingereza, itungwe na wauguzi pamoja na wazee wanaoijua lugha, ibandikwe kila wodi.

3. Karatasi ya mgonjwa anayekwenda nyumbani iandikwe kwa Kiswahili, na saa za dawa zitajwe kwa hesabu ya Kiswahili: asubuhi, mchana, usiku.

4. Wafagiaji na wahudumu wasiachwe nje. Wao ndio washikao chupa za dawa za kusafishia, na maonyo ya chupa hizo ni Kiingereza.

Na sisi tusikae tukingoja kaunti ijibu. Kila zamu inapopokezana, tusomeane taarifa kwa sauti na tusahihishane. Anayemcheka mwenzake kwa kukosea "he" na "she" anamfundisha kunyamaza, na muuguzi anyamazaye hatauliza siku atakapokuwa na shaka juu ya kipimo cha dawa. Wawakilishi wa kila kituo walete majina ya walio tayari kuanza kabla ya mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.