Kabila Lisilo na Kwao

Wapo Wazaramo, Wanyamwezi, Wayao na Wagiriama. Washenzi hawana kijiji, hawana lugha, hawana mzee wa ukoo. Hata hivyo, katika karne ya 19 watu wa mwambao walilitaja jina hilo kana kwamba ni kabila kubwa, linaloanzia nyuma ya mashamba yao na kuenea bara zima.

Jina hilo lilikuwa na kazi. Sheria ya Kiislamu ilikataza kumtia utumwani Mwislamu aliye huru. Basi aliyeitwa mshenzi ndiye aliyeweza kutekwa na kuuzwa. Akifika pwani aliitwa mjinga, na mwanawe akizaliwa huko akaitwa mzalia. Juu yao alikaa muungwana. Chini ya utawala wa Waomani, uungwana nao ukapisha ustaarabu, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni kuiga Uarabu.

Mpaka kati ya mshenzi na muungwana haukutulia. Wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu kutoka Unguja, wengi wao watumwa, wakishaingia bara walijiita waungwana, na wenyeji waliowakuta ndio wakawa washenzi. Jina la Kingwana, Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ni urithi wa waungwana hao. Kisha walowezi wa Kenya wakalidaka neno na kulitia katika Kiingereza chao: mbwa koko na kazi iliyoborongwa, vyote shenzi. Na leo mjini Dar es Salaam, mtu akiambiwa aache Uswahili, anayetukanwa ni yule yule aliyejiona muungwana jana.

Wapo watakaosema maana imekwisha kubadilika: ushenzi sasa ni kumwaga taka barabarani, basi. Sikubaliani nao. Maadamu tabia mbaya tunaiita kwa jina walilobandikwa watu wa bara, na nzuri kwa jina la Uarabu, ngazi ile ya zamani bado imesimama. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873; msamiati wake haukufungwa.

Ndiyo maana waandishi wa toleo hili tuliwaomba wakikutana na neno la dharau waulize nani alilitamka, na alipata faida gani. Hatutaki mshenzi afutwe katika kamusi. Tunataka kamusi, baada ya kuandika kwamba ni mtu asiyestaarabika, iongeze kwamba ndiye aliyeruhusiwa kuuzwa.